Chungu Kizima na Chungu cha Ufa: Kupanga Osileta na Kupanga Somo

Walimu wanafunzi wanapofika vyuoni hufundishwa mapema sana ya kwamba somo zuri huenda hatua kwa hatua, kutoka lijulikanalo kwenda lisilojulikana, na kutoka jepesi kwenda gumu. Kanuni hiyo ni ya kweli, nami sikusudii kuipinga. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyoitumia vibaya kwa muda mrefu, na jinsi nilivyoligundua kosa langu mahali ambapo mwalimu wa shule ya msingi hatazamii kulikuta, yaani katika kuandika programu ndogo ya kompyuta ya kutengeneza sauti. Programu yenyewe ilikuwa na osileta nne tu. Jambo lililonishinda halikuwa kuzipata hizo nne, bali kuamua ipi iiongoze ipi.

Darasani na sokoni

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Sayansi katika shule moja ya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Baadhi ya watoto wetu walikuwa wa jamaa za Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichojibanza kati ya maji na Milima ya Livingstone, si mbali na Matema. Wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi mashuhuri. Vyungu vyao hufinyangwa kwa mkono, huchomwa kwa moto wa wazi, hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Kutoka hapo husafiri hadi Kyela mjini, Mbeya na kwingineko.

Mada yetu wiki ile ilikuwa sauti. Nilichora ubaoni mlolongo wa hatua tano zilizounganishwa kwa vishale vinne: kitu hupigwa, kitu hutetemeka, mtetemo huisukuma hewa, hewa huchukua wimbi, wimbi hufika sikioni. Niliuona mlolongo huo kuwa mzuri mno, hata nikaacha ubao bila kufutwa kwa siku mbili. Ijumaa nikatoa jaribio. Swali la kwanza liliuliza, "Sauti ni nini?" Binti mmoja wa Darasa la Tano aliandika hivi: "Sauti ni chungu kikisema kama ni kizima." Nikatia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Maswali mengine yalilitegemea lile la kwanza, nayo pia aliyakosa. Akapata 2 katika 10, na chini yake nikaandika neno moja ambalo walimu hulipenda kwa kuwa ni fupi: "Ongeza bidii."

Kesho yake nilikwenda Lyulilo kununua chungu cha maji. Nilichagua kimoja chenye rangi ya kupendeza, nikalipa. Nilipokuwa nikiondoka nilimkuta yule binti ameketi na bibi yake mbele ya vyungu vyao wenyewe. Aliniamkia kwa adabu, akakitazama chungu nilichokibeba, kisha akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. "Mwalimu, hiki kina ufa," alisema. Nilikigeuza huku na huku. Sikuona ufa wowote. Nilicheka kidogo, kama watu wazima wachekavyo, nikaenda nacho nyumbani.

Chungu kipya cha udongo hutoka jasho, na ndilo linaloyapoza maji. Chungu changu hakikutoka jasho. Kilivuja. Alfajiri nilikuta maji yamechora mstari mmoja kutoka kitakoni hadi mlangoni. Nilisimama nikiutazama mstari ule kwa muda. Mtoto niliyempa 2 katika 10 kwa mada ya sauti alikuwa ametumia sauti kujua jambo ambalo macho yangu hayakuweza kuliona.

Jinsi osileta moja inavyoiyumbisha nyingine

Nilitaka kulirudia somo lile, lakini safari hii nianze na sauti ya chungu kizima na ya chungu cha ufa. Nilitamani kuwasikilizisha watoto jinsi sauti moja inavyogeuka kuwa nyingine polepole. Chungu halisi hakiwezi kutiwa ufa kidogo kidogo kisha kikaponywa. Kompyuta yaweza kufanya hivyo. Nilikuwa na kompyuta ya kubebeka niliyoichaji kwa umeme wa jua, na nilikuwa nimejifunza kidogo lugha ya programu iitwayo Python wakati wa likizo. Nikaazimia kukitengeneza chungu kwa hesabu.

Hapa hapana budi nieleze maneno machache. Osileta ni kitu, au sehemu ya programu, kinachotoa mtetemo unaojirudia. Katika kompyuta osileta ni hesabu tu: namba 44,100 kwa kila sekunde, zikipanda na kushuka kwa umbo la wimbi, ambazo spika huzigeuza kuwa mwendo wa hewa. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa. Osileta moja yenye masafa ya 200 hutoa sauti laini na tupu, isiyo na tabia ya kitu chochote tunachokijua.

Mwaka 1967 mtunzi wa muziki John Chowning, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alikuwa akichezea myumbo wa sauti, ule tunaousikia mwimbaji anapoitikisa sauti yake mara 5 au 6 kwa sekunde. Alitumia osileta moja kuyapandisha na kuyashusha masafa ya nyingine. Kisha akaongeza kasi ya myumbo na kina chake, tena na tena. Ilifika mahali sikio halikusikia tena sauti inayoyumba, bali sauti moja yenye rangi mpya kabisa. Alichapisha maelezo ya njia hiyo mwaka 1973. Kimsingi ni njia ile ile ya redio za FM. Tofauti ni kwamba katika redio wimbi linaloyumbishwa lina mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, ilhali hapa yote mawili yamo katika kiwango cha kusikika.

Osileta inayosikika nitaiita mchukuzi, na ile inayoyasukasuka masafa yake nitaiita myumbishaji. Mchukuzi wa 200 akiyumbishwa na myumbishaji wa 200, huzaliwa masafa ya 200, 400, 600, 800 na kuendelea. Hayo yamepangika kama vidato vya ngazi, na sikio huyasikia kuwa noti moja. Sasa tumpe myumbishaji 280. Tukijumlisha 280 kwa mchukuzi mara moja na mara mbili twapata 480 na 760. Tukitoa, twapata 80 na 360 zilizo chini ya sifuri, lakini sikio huzisikia kama 80 na 360 za kawaida. Masafa hayo, yaani 80, 200, 360, 480 na 760, hayapangiki katika vidato vya 200. Sikio husikia kengele. Hesabu hii ya 200 na 280 ndiyo Chowning mwenyewe aliyoitumia kutoa mfano wa kengele. Kina cha myumbo kikiwa kikubwa, masafa ya pembeni huwa mengi; kina kikipungua, hupungua nayo. Ndiyo sababu kengele ya kompyuta huanza kwa ukali na kuishia kwa upole, kama kengele ya kweli.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ilitoa kinanda kilichoitwa DX7 kilichofanya kazi kwa njia hiyo. Kilikuwa na osileta 6 kwa kila noti, na mipangilio 32 ya kuziunganisha. Leo ipo programu ya bure, iitwayo Dexed, inayokiiga kinanda hicho ndani ya kompyuta. Kwa hiyo sikuwa nikivumbua kitu. Nilitaka tu chombo kidogo ambacho kila njia yake niweze kuiona na kuieleza.

Jedwali la njia

Nilichora jedwali la safu nne za kulala na safu nne za kusimama. Safu za kulala ni za watoaji, za kusimama ni za wapokeaji. Katika kila chumba cha jedwali niliandika namba. Sifuri ina maana ya kwamba hakuna njia. Namba nyingine yoyote yaonyesha kina cha myumbo kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Vyumba vya mshazari ni vya osileta inayojiyumbisha yenyewe. Pembeni niliongeza safu moja ya kuonyesha ni osileta zipi zitakazopelekwa kwenye spika.

Kwa osileta nne kuna vyumba 16. Hata kama kila chumba kingekuwa na hali mbili tu, wazi au kufungwa, mipangilio ingekuwa 65,536. Namba hiyo ilinifurahisha mwanzoni, kisha ikanitisha. Ndipo nilipoelewa kwa nini waliotengeneza kinanda kile waliweka mipangilio 32 tu. Uhuru wa kuunganisha chochote na chochote haukusaidii kujua uunganishe nini.

Palikuwa pia na jambo la utaratibu. Mtoaji lazima akokotolewe kabla ya mpokeaji, kwa maana mpokeaji hawezi kuyumba bila kujua ayumbe kiasi gani. Lakini osileta mbili zikiyumbishana, hakuna ya kutangulia. Huwa kama wageni wawili wanaosubiriana mlangoni, kila mmoja akimtaka mwenziwe aingie kwanza. Dawa yake ni kutumia namba iliyotangulia, ile ya sehemu moja ya 44,100 ya sekunde iliyopita. Osileta inayojiyumbisha yenyewe hufanyiwa vivyo hivyo.

Mnyororo

Mpangilio wangu wa kwanza ulikuwa mnyororo. Osileta ya 4 iliiyumbisha ya 3, ya 3 ikaiyumbisha ya 2, ya 2 ikaiyumbisha ya 1, na ya 1 peke yake ikaenda kwenye spika. Nilidhani ya kwamba kadiri njia inavyopita mikononi mwa wengi ndivyo sauti itakavyokuwa tajiri na kufanana na kitu halisi. Pia, nakiri, mnyororo ulipendeza kuuchora. Ulikuwa na hatua zake na vishale vyake, kama ubao wangu wa wiki ile.

Sauti iliyotoka ilikuwa kelele, kama redio iliyo kati ya vituo viwili. Nilipunguza kina cha myumbo, ikawa mlio wa bati. Nilipoyabadili masafa ya osileta ya 4 kutoka 280 hadi 290, badiliko dogo kabisa, sauti yote ikageuka kuwa nyingine. Sababu yake si ngumu. Osileta ya 4 huzaa masafa ya pembeni katika ya 3. Kila moja ya masafa hayo huwa myumbishaji wa ya 2, nayo huzaa mengine, na hayo yote huingia katika ya 1. Yakipita 22,050, ambayo ni nusu ya 44,100, kompyuta haiwezi kuyaandika ilivyo. Hurudi chini yakiwa masafa mengine na kuzidisha vurugu. Katika mnyororo, kosa dogo la juu hufika chini likiwa limezaliana. Na anayesikiliza chini hawezi kujua kosa lilianzia wapi, kwa kuwa hasikii ila mwisho.

Nilihangaika wiki tatu. Jumamosi moja nikapanda mtumbwi kutoka Matema hadi Ikombe, nikiwa na kompyuta na spika ndogo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu yule mzee.

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti."

Nilimweleza nilichokuwa nikikitafuta, nikapiga sauti yangu. Mjukuu wake alijifunika mdomo kwa kiganja. "Hilo ni debe, mwalimu," alisema. Bibi hakucheka. Alivuta chungu kimoja, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kisha akaupiga mdomo wa chungu kwa kiganja kilichokunjuliwa. Ubavu ulilia kwa wembamba. Mdomo ukatoa sauti nzito ya ndani.

"Chungu kina ubavu na kina tumbo," alisema. "Sikiliza kimoja kimoja."

Binti akatia maji mpaka zaidi ya nusu, akarudia yote mawili bila kuambiwa. Sauti ya ubavu ilishuka. Sauti ya tumbo ilipanda. Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia, ikawa vile vile. Maji huuongezea uzito udongo unaotetemeka, kwa hiyo ubavu huenda polepole zaidi. Maji hayo hayo huipunguzia nafasi hewa iliyomo ndani, kwa hiyo hewa hutetemeka upesi zaidi, kama chupa inayopulizwa mdomoni inavyopandisha sauti ikijazwa maji. Kama sauti hizo mbili zingekuwa hatua mbili za mnyororo mmoja, moja isingeweza kushuka ilhali nyingine inapanda. Zilikuwa njia mbili, kila moja na chanzo chake, nazo zilikutana nje, hewani, kabla tu ya sikio.

Njia mbili sambamba

Usiku ule nilifuta vyumba vyote vya jedwali. Osileta ya 1 niliipa kazi ya ubavu, kwa masafa ya 400. Ya 2 ikawa myumbishaji wake, kwa masafa ya 560, uwiano ule ule wa 200 na 280. Kina cha myumbo kilianza kikubwa na kufifia upesi. Ya 3 niliipa kazi ya tumbo, kwa masafa ya 150, bila myumbishaji, kwa sababu sauti ya hewa ndani ya chungu ni laini na haihitaji mapambo. Ikabaki ya 4. Niliitaka imyumbishe mtu, kwa kuwa nilikuwa nayo, lakini nilikumbuka vyungu vya Ikombe. Chungu cha mkono hakiwi duara kamili, na ubavu usio duara kamili hutoa masafa mawili yanayokaribiana. Basi nikaipa ya 4 masafa ya 403, nikaiweka nayo chini ya myumbishaji yule yule wa 2. Masafa ya 400 na 403 yakisikika pamoja, sauti huvimba na kupungua mara 3 kwa sekunde. Hilo ndilo lililokuwa likikosekana.

Katika vyumba 16, viwili tu vilikuwa na namba: kutoka 2 kwenda 1, na kutoka 2 kwenda 4. Osileta tatu zilikwenda kwenye spika. Faida kubwa ya mpangilio huo ni kwamba niliweza kulinyamazisha tumbo na kusikiliza ubavu peke yake, au kinyume chake, nikajua kosa liko upande gani. Kwa kutengeneza ufa, niliufupisha mlio wa ubavu na kufungua chumba kimoja cha mshazari, ili osileta ya 2 ijiyumbishe yenyewe na kuleta ukwaruzo. Tumbo sikuligusa.

Jumatatu nilimpigia yule binti sauti mbili, bila kusema ipi ni ipi. Aliisikiliza ya kwanza, akanyamaza. Aliposikia ya pili akasema, "Hiki usinunue, mwalimu." Ilikuwa ile ya ufa.

Kulirudia somo

Nilimwuliza basi ni kwa nini, katika jaribio, hakuandika ya kwamba sauti hutokana na mtetemo. Alijibu kwa aibu kidogo, "Mwalimu, chungu kizima hakitetemeki. Mtu akiwa na homa ndiye anayetetemeka."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinifundisha kuliko vitabu vyangu vingi. Kwa lugha ya nyumbani kwao, na ya nyumbani kwangu pia, kutetemeka ni dalili ya ugonjwa. Chungu cha ufa hukwaruza, hutetemeka. Chungu kizima husema. Alikuwa ameipokea hatua ya kwanza ya mlolongo wangu kwa maana nyingine, yenye busara kamili, na kila hatua iliyofuata ikayumba kwa kadiri hiyo. Mimi, niliyekuwa nikisikiliza mwisho wa mnyororo, nilisikia kelele tu, nami kelele hiyo nikaiita uvivu. Hakuna mahali katika andalio langu la somo palipoweza kunionyesha ya kwamba tatizo lilikuwa neno moja.

Nililipanga somo upya kwa njia mbili sambamba. Njia ya kwanza ilikuwa ya sikio. Watoto waligonga vyungu, wengine wakiwa wamefumba macho, wakavitenga vizima na vya ufa, wakatia maji na kueleza kilichopanda na kilichoshuka, kwa maneno yao wenyewe. Njia ya pili ilikuwa ya maneno ya sayansi: mtetemo, wimbi, masafa. Hapo tulianza kwa kutofautisha mtetemo wa homa na mtetemo wa udongo, ambao ni mdogo na wa upesi hata jicho halioni, lakini ncha ya kidole huuhisi ikiguswa ukingoni. Kila njia niliipima peke yake. Mwisho wa juma tu ndipo nilipoziunganisha kwa swali moja. Wapo waliokuwa hodari wa maneno lakini hawakuweza kukitambua chungu cha ufa. Yule binti ndiye aliyewafundisha. Yeye naye aliendelea kusumbuka na uandishi. Lakini sasa nilijua anasumbuka na nini.

Yafaa niseme pia ya kwamba kompyuta haikuwa zana ya lazima. Watoto walijifunza kwa vyungu vilivyogongwa, viwili au vitatu, na ndoo ya maji. Aliyejifunza kwa osileta nilikuwa mimi. Mwalimu asiye na umeme wala kompyuta aweza kulifundisha somo hili lote kesho asubuhi.

Mashauri kwa mwalimu mwanafunzi

Sisemi ya kwamba mnyororo ni mbaya. Yapo mambo yasiyofundishika ila kwa mnyororo. Mtoto asiyejua thamani ya tarakimu hawezi kujumlisha kwa kubeba makumi, na hakuna njia ya pembeni ya kulikwepa hilo. Lililo muhimu ni kujua, kabla ya kuingia darasani, ni hatua zipi hasa zinazotegemeana, na zipi tumezifunga pamoja kwa mazoea au kwa kuwa mchoro ulipendeza.

Kwanza, uandikapo andalio la somo, chora jedwali la mawazo yako makuu, na katika kila chumba jiulize: je, wazo hili humfanya mtoto alione lile kwa namna nyingine? Utashangaa kuona jinsi vyumba vingi vilivyo vitupu. Pili, pale ambapo hapana budi pawe na mnyororo, weka swali la kupima katika kila kiungo, si mwishoni tu, na umwombe mtoto alieleze neno la kwanza kwa mfano wa nyumbani kwake. Tatu, somo likiharibika, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwalimu abadilishaye mambo manne kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya na lipi lililoharibu. Nne, usitumie kila zana uliyonayo kwa sababu tu unayo. Osileta yangu ya nne ilinifaa siku nilipoacha kuilazimisha.

Nimalizie kwa daftari. Orodha ya matokeo ya jaribio lile ilikuwa imekwisha kukabidhiwa, nami sikuweza kuibadili 2 ile. Nilimwomba binti daftari lake, nikaikata kwa mstari ile alama ya kosa kwenye swali la kwanza, nikaandika pembeni: "Ni kweli. Bado haijakamilika, na swali langu pia halikukamilika." Alilisoma sentensi hiyo, akalifunga daftari, akauliza kama lile neno "Ongeza bidii" lilikuwa bado linahusika. Nikaomba daftari tena, nikalifuta.

Ni matumaini yangu ya kwamba wewe, mwalimu mwenzangu unayejiandaa kwenda vijijini, utakutana mapema na mtoto wa namna hiyo, na kwamba utakigonga chungu chako kabla hujakitia maji.